Chema Chajiuza: Habari za Mkate na Waokaji wa Mji wa Paris

Katika lugha yetu, mtu aliyepoteza kazi huambiwa kuwa amemwaga unga. Maneno haya twayasikia kila siku, na wanafunzi wetu huyatia katika insha zao bila ya kuyafikiria sana. Lakini mwenye kuyatazama kwa makini ataona kuwa yamebeba fikira nzito, kwamba riziki ya mtu na unga wake ni kitu kimoja. Wafaransa nao wanayo fikira hiyo hiyo. Kazi impatiayo mtu maisha yake wao huiita gagne-pain, yaani kile kichumacho mkate. Basi mla ugali na mla mkate, ijapokuwa hawakukaa jirani, wameitazama dunia kwa jicho moja.

Tumeanza na lugha kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, lakini makusudio yetu leo ni historia. Wasomaji wetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanalijua neno boulangerie, ambalo wengi wao wameliona tangu utotoni juu ya milango ya maduka ya mikate. Neno hilo liliingia katika miji hiyo pamoja na utawala wa Wabelgiji, na pamoja nalo ukaja mkate wa ngano wa namna ya Ulaya. Wenzetu wa pwani nao wana boflo lao, ambalo hulitofautisha na mikate ya jadi. Pande zote mbili watu hulalamika kwa maneno yale yale: mkate wa siku hizi ni mwepesi kama pamba, asubuhi ni laini na jioni ni vumbi, na mwenye kutaka mkate mzuri hana budi kuzunguka mji mzima kuutafuta. Swali letu basi ni hili: mkate mzuri wa mjini hutoka wapi? Ni baraka tu ya ardhi na ngano yake, au ni kazi ya watu? Ili kulijibu tumeuchagua mji wa Paris, kwa sababu mji huo uliupata mkate mzuri, ukaupoteza, kisha ukaurudisha, na habari za safari hiyo zimeandikwa vizuri.

Yapata mwaka 1268, Étienne Boileau, aliyekuwa liwali wa mfalme mjini Paris, aliamuru desturi za mafundi wa mji ziandikwe katika kitabu kimoja. Mafundi hao walikuwa wa aina mia na zaidi, na waokaji wa mikate walikuwamo. Tokea zamani hizo, basi, kuoka mkate wa kuuza hakukuhesabiwa kuwa jambo la mtu na jirani yake tu. Kulikuwa na kanuni, na dola ilitia jicho. Hata jina la fundi mwenyewe lina mafunzo. Neno boulanger lilitokana na mkate wa mviringo, mfano wa mpira. Ni dhahiri, kwa hiyo, kwamba ule mkate mrefu na mwembamba ambao leo ulimwengu wote huufananisha na Paris haukuwa mkate wa asili wa mji huo. Tutaufikia baadaye.

Katika karne ya 18 mkate haukuwa kitoweleo cha chai. Ndio uliokuwa chakula chenyewe, kama ugali ulivyo kwetu. Mtu wa kazi za mikono alitumia karibu nusu ya mapato yake kununua mkate, na mavuno yakiharibika alitumia zaidi sana. Kipimo cha watu wa Paris kilikuwa mkate mkubwa wa ratili 4, karibu kilo 2, na bei yake ya kawaida ilikuwa sou 8 au 9. Polisi wa mfalme walipima uzito wa mikate na kuwatoza faini wenye kupunja, na watu waliamini kuwa mfalme ndiye mwenye dhamana ya kuhakikisha kwamba raia wake hawalali na njaa. Turgot, waziri wa mfalme, alipoyafungua masoko ya nafaka mwaka 1774 na kuacha bei ijipange yenyewe, mavuno ya mwaka huo hayakuwa mema. Bei ikapanda, na katika mwezi wa Aprili na Mei 1775 fujo zikaenea katika vijiji na miji, hata maduka ya waokaji wa Paris yakaporwa. Wanahistoria huziita fujo hizo Vita vya Unga.

Miaka 14 baadaye yakaja makubwa zaidi. Mwezi wa Februari 1789 mkate wa ratili 4 ulifikia sou 14 na nusu, hali kibarua wengi wao walipata sou 20 hadi 30 kwa siku. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: kitabaki nini cha kodi ya nyumba, kuni na nguo? Tarehe 5 Oktoba ya mwaka huo wanawake wa Paris, wakiongozwa na njaa ya watoto wao, walitembea kwa miguu hadi Versailles, na kesho yake wakarudi na mfalme, malkia na mwana wao, wakishangilia kuwa wamewaleta mwokaji, mke wa mwokaji na kijana wa mwokaji. Yapata wiki mbili baadaye, tarehe 21 Oktoba, mwokaji mmoja aitwaye Denis François alishutumiwa kuwa ameficha mikate. Umati ukamtoa dukani mwake, ukamuua. Siku hiyo hiyo Bunge lilipitisha sheria ya kutumia jeshi dhidi ya fujo. Twayataja haya ili ifahamike kwamba mlango wa duka la mikate ulikuwa mahali ambapo raia na dola walikutana uso kwa uso, na mara nyingine aliyelipa kwa damu ni fundi aliyesimama katikati.

Hapa yafaa tusahihishe kosa moja ambalo limeingia hata katika madarasa yetu. Husimuliwa kwamba Malkia Marie-Antoinette, alipoambiwa kuwa watu hawana mkate, alijibu kwamba basi na wale andazi la siagi na mayai, lile Wafaransa waliitalo brioche. Hakuna ushahidi kwamba alipata kusema hivyo. Kisa hicho kinapatikana katika maungamo ya Jean-Jacques Rousseau, naye anamtaja binti mfalme bila ya jina. Na alipokuwa akiyaandika, Marie-Antoinette, aliyezaliwa mwaka 1755, alikuwa bado mtoto kwao Austria. Kisa kilidumu kwa sababu kiliwafaa wasimulizi. Mwalimu wa historia hana budi kuwafundisha wanafunzi kutofautisha neno lililosemwa na neno lililotamaniwa kuwa limesemwa.

Katika zama hizo hizo za dhiki kulitendeka jambo moja la kheri ambalo halisimuliwi sana. Mwaka 1780 Antoine Parmentier na Antoine Cadet de Vaux walifungua mjini Paris shule ya kuoka mikate isiyotoza ada. Fikira yao ilikuwa kwamba ufundi uliorithishwa gizani, kutoka kwa bwana hadi kwa mwanagenzi, ungeweza kuchunguzwa, kuelezwa na kufundishwa kama elimu nyingine. Mapinduzi nayo yalitia mkono wake: Novemba 1793 iliamriwa kwamba waokaji waache kufanya mkate mweupe wa tajiri na mkate mweusi wa maskini, wafanye aina moja tu, mkate wa usawa. Amri hiyo haikudumu, lakini ilionyesha jinsi rangi ya mkate ilivyokuwa alama ya daraja la mtu. Tafadhali msomaji asiisahau habari hii ya rangi, maana itarudi kwa sura nyingine.

Ama kuhusu vitafunio vya siagi, ambavyo leo hupamba madirisha ya maduka hayo, asili yake nyingine iko mbali na Ufaransa. Mnamo mwaka 1838 au 1839, August Zang, Mwaustria aliyekuwa ofisa wa mizinga, alifungua duka la mikate ya Vienna katika mtaa wa Richelieu mjini Paris. Tanuri lake lilitumia mvuke, nao ukaufanya mkate ung'ae. Na miongoni mwa bidhaa zake kilikuwamo kijikate chenye umbo la mwezi mchanga. Watu wa Paris wakakipenda, waokaji wengine wakakiiga, na hata leo vitafunio vya jamii hiyo huitwa viennoiserie, yaani vitu vya Vienna. Zang mwenyewe alirudi kwao mwaka 1848 akaanzisha gazeti. Lakini croissant tuijuayo sasa, yenye tabaka nyingi za unga na siagi zilizokunjwa na kukunjuliwa, ilikamilishwa na Wafaransa wenyewe mwanzoni mwa karne ya 20. Ile hadithi kwamba ilibuniwa Vienna mwaka 1683 kwa kuwakejeli Waturuki waliouzingira mji ni hekaya tu, kwa kuwa vijikate vya umbo hilo vilijulikana Austria karne nyingi kabla. Hivyo kitu kihesabiwacho kuwa cha Kifaransa kabisa ni cha mgeni aliyepokewa akakaribishwa. Sisi tunaokula sambusa na kaimati, vyakula ambavyo majina yake yalivuka bahari, hatuna sababu ya kulistaajabia hilo.

Mkate wa alfajiri, hata hivyo, una gharama isiyoandikwa katika bei. Ili mnunuzi aupate ungali moto, ilibidi mtu mwingine akeshe. Waokaji wa Paris walifanya kazi usiku kucha katika vyumba vya chini ya ardhi, katika joto na vumbi la unga, wakikanda kwa mikono. Paris ilipojitawala kwa majuma machache mwaka 1871, katika kile kipindi kiitwacho Komuni, mojawapo ya amri zake, ya tarehe 20 Aprili, ilikuwa kukataza kazi ya usiku katika maduka ya mikate. Mwezi uliofuata Komuni ilivunjwa kwa umwagaji mkubwa wa damu, na amri yake ikafa pamoja nayo. Waokaji walingoja hadi sheria ya Machi 1919 ndipo kazi baina ya saa nne za usiku na saa kumi za alfajiri ikakatazwa. Mwaka uliofuata, 1920, neno baguette, yaani fimbo, linaonekana katika kanuni za bei za wilaya ya Seine kama jina la mkate mwembamba. Wako wasemao kwamba sheria ile ndiyo iliyouzaa mkate huu, kwa kuwa huiva upesi. Sisi twaona kwamba sheria ilisaidia kuueneza tu, maana mikate mirefu ilikuwapo Paris tangu karne ya 19.

Sasa twaja kwenye upotevu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wa Ufaransa walikula kwa kadi mkate mweusi uliochanganywa na kila namna ya unga, na mgawo wa kadi haukwisha hadi mwaka 1949. Walipotoka katika dhiki hiyo walitamani kitu kimoja: mkate mweupe. Rangi ikarudi kutawala. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaenea njia mpya ya kukanda kwa mashine, kwa kasi na kwa muda mrefu, pamoja na kutia unga wa maharage na dawa za kusaidia. Kinyunya kilimeza hewa kwa wingi, kikapauka, kikavimba. Muda wa kuumuka ukafupishwa, kwa kuwa mashine ilikuwa imekwisha kufanya kazi ya muda. Matokeo yakawa mkate mkubwa, mweupe, wa kupendeza macho, lakini usio na ladha ila ya chumvi. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka; na katika jambo hili maneno yao ni kweli ya kikemia, kwa sababu harufu na ladha ya mkate hutoka katika kuchacha polepole, na aliyeiba muda ameiba ladha.

Tusiwatupie waokaji lawama yote. Mnunuzi ndiye aliyeuomba mkate ule. Aliuona mweupe akadhani ni bora, aliuona mkubwa akadhani amepata faida. Kisha, alipouchoka, aliuacha. Hukadiriwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa mmoja alikula karibu gramu 900 za mkate kwa siku. Leo hazifiki gramu 150. Sababu ni nyingi, ikiwamo nyama na vyakula vingine kupatikana kwa urahisi, lakini mkate usio na ladha haukuwa na wa kuutetea. Serikali ilipoanza kuiachia bei ya mkate mwaka 1978, ushindani wa maduka makubwa na viwanda ulizidi. Yakazuka maduka yaliyopokea vinyunya vilivyogandishwa, yakaviivisha tu, na juu ya mlango yakaandika jina lile lile la heshima, boulangerie.

Waliorudisha mkate mzuri walikuwa wachache mwanzoni. Tumtaje kwanza mwalimu mwenzetu, Raymond Calvel, aliyefundisha katika shule kuu ya usagaji nafaka mjini Paris tangu mwaka 1936 hadi 1978. Yeye aliipinga njia ya kukanda kwa kasi, akaeleza kwa ushahidi wa maabara jinsi inavyoharibu ladha. Na mwaka 1974 akatoa njia yake mashuhuri: changanya unga na maji tu, viache vipumzike, ndipo uendelee kukanda. Wakati wa mapumziko hayo kinyunya hujijenga chenyewe, na mashine haihitajiki sana. Tumtaje pia Pierre Poilâne, aliyefungua duka katika mtaa wa Cherche-Midi mwaka 1932, na mwanawe Lionel, aliyelishika baadaye hadi alipofariki mwaka 2002. Hao, wakati mji mzima ukikimbilia weupe, waliendelea kuoka kwa kuni mkate mkubwa wa mviringo, wa rangi ya udongo, ulioumuliwa kwa chachu. Hawakuja na jambo jipya. Walikataa tu kuacha la zamani, na wanunuzi wakawafuata.

Kisha ikaja sheria. Amri ya Septemba 1993 iliweka jina la mkate wa mapokeo ya Kifaransa: usigandishwe katika hatua yoyote, na usitiwe dawa. Sheria ya Mei 1998 ikaamua kwamba asiyekanda na kuoka mahali pale pale anapouzia hana ruhusa ya kuliita duka lake boulangerie. Angalieni, walimu wenzangu, jinsi neno lilivyolindwa kwa sheria kwa kuwa kulipoteza neno kungekuwa kuupoteza ufundi wenyewe. Tangu mwaka 1994 mji wa Paris hufanya mashindano ya baguette bora kila mwaka, na mshindi huiletea ikulu mikate kwa muda wa mwaka mmoja. Djibril Bodian, ambaye asili yake ni Senegal, alishinda mwaka 2010 na tena mwaka 2015; mwaka 2023 alishinda Tharshan Selvarajah, mzaliwa wa Sri Lanka. Mkate ulioletewa mbinu na Mwaustria sasa walindwa na wana wa Afrika na Asia. Na Novemba 2022 UNESCO iliuingiza ufundi na utamaduni wa baguette katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Je, mgeni wa mjini aujuaje mkate mzuri? Wajuzi hutazama alama chache. Ganda liwe na rangi ya dhahabu iliyokolea, likivunjwa lilie. Ndani pawe na rangi ya maziwa ya mtindi wala si weupe wa karatasi, na matundu yasiyolingana, makubwa kwa madogo. Chini ya mkate pasiwe na vidoto vilivyojipanga sawasawa kama wavu, maana vidoto hivyo ni alama ya trei za kiwandani. Croissant nayo iwe nyepesi, ikiliwa iachie vumbi la maganda mezani, na vidole vinuke siagi, si majarini. Yote haya ni alama za muda uliotumika. Anayeyasoma huwa anausoma usiku wa fundi. Na ishara ya mwisho haihitaji ujuzi: ni foleni ya majirani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tukirejea kwetu, hatusemi kwamba miji yetu iige Paris. Ngano nyingi tulayo hununuliwa ng'ambo, na mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, tuliona wenyewe jinsi bei ya mkate inavyoweza kupandishwa na mizinga ya mbali. Lakini tunayo mikate yetu. Mkate wa mofa wa pwani hufanywa kwa unga wa mtama, ukaokwa katika tanuri la udongo. Mkate wa kumimina hutaka mchele ulolowekwa, usagwe na tui, uachwe uumuke, kisha upaliwe makaa juu na chini. Bibi zetu hawakuhitaji mwalimu wa maabara kuwaambia kwamba kinyunya kinataka kungojwa. Walilolijua wao ndilo Paris ililolisahau kwa miaka 30, ikalirudia kwa taabu. Khofu yetu ni kwamba sisi nasi tumo katika kulisahau, kwa sababu ile ile: weupe, ukubwa na haraka.

Historia hii yatuonyesha kuwa mkate mzuri haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitunzwa na mafundi waliokataa kuharakishwa, na walimu waliotafuta sababu, na sheria iliyolinda jina, na wanunuzi waliojifunza kuchagua. Mmoja wa hao akikosekana, wengine hawawezi peke yao. Sisi walimu sehemu yetu iko wazi. Basi twawaomba wasomaji wa jarida hili, kila mmoja mahali pake, awatume wanafunzi kwa wazee na waokaji wa mtaani, wakayaandike majina ya mikate, ya vyombo, ya hatua za kukanda na kuumua, na ya makosa ambayo fundi huyaogopa. Maneno hayo yangaliko midomoni mwa watu. Tukiyachelewesha tutakuwa tumemwaga unga, na unga ukimwagika hauzoleki wote.